Ng'ombe wa Chuma Baada ya Daraja

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili mchana, mwanzo wa miezi ya joto.

Mpendwa Wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Vipi hali yako, na vipi hayo magoti? Mara ya mwisho ulisema ngazi za hapo kwako zinakutesa. Natumaini wamekuhamishia chumba cha chini kama walivyoahidi, na kwamba baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu tu, unaonisuta kila nikikaa kwenye cherehani. Hospitali imeagiza mapazia ya wodi nzima, ya kijani kile kile cha kuwakatisha wagonjwa tamaa. Nyumba imejaa kitambaa, hadi mume wangu, huyo mdogo wako, anadai anaota yuko ndani ya kabichi.

Habari njema kwanza. Binti yetu amepata leseni! Baba mtu ndiye aliyemfundisha, na unajua wanafunzi wake wa udereva wanavyomwita: Mwalimu Taratibu. Alimrudisha kinyumenyume kati ya ndoo mbili hadi ndoo zenyewe zikachoka. Sasa binti anaendesha vizuri kuliko wengi ninaowaona hapa mtaani, ila baba yake akikaa pembeni bado anakanyaga breki isiyokuwepo.

Kwa furaha ya leseni hiyo tumekata shauri tusafiri likizo hii, na tusafiri kwa gari. Usicheke. Najua sisi ni watu ambao safari yetu ndefu ni kwenda harusini na kurudi. Tutaanzia jijini, tulale kwa rafiki yangu niliyesoma naye ushonaji. Kisha tutapita mashambani polepole, tununue matunda barabarani, tufike mji wa bandari, na tumalizie kwenye vile visiwa vitatu ambavyo gari huvushwa kwa kivuko. Kwa njia ya mkato visiwa hivyo si mbali na kwetu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Binti ndiye mpangaji. Alitandaza ramani juu ya meza yangu ya kukatia, akawa anapima barabara kwa uzi wangu mwekundu, akiupinda kila penye kona.

Hapo ndipo mambo yalipoanza, wifi, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Kaa vizuri kwanza.

Mdogo wako alikuwa ametoka kuoga, taulo begani, hana hili wala lile. Ramani hakuitupia hata jicho. Alipita nyuma yetu akasema, "Baada ya daraja kuna ng'ombe wa chuma. Halafu nyumba yenye ndevu." Akaingia chumbani kuvaa.

Tulicheka sana. Aliporudi, binti akamuuliza, "Baba, ng'ombe gani huyo wa chuma?"

"Ng'ombe?" akashangaa. "Nani ana ng'ombe?"

Tulidhani anatutania. Lakini kila ramani ilipofunguliwa aliyasema tena maneno yale, mara akifunga vifungo vya shati, mara akichonga penseli, na kila tulipomuuliza alituona sisi ndio tunaoota. Siku moja akaongeza: "Halafu harufu ya maji." Siku hiyo niliikunja ile ramani nikaifukia chini ya mapazia, nikamwambia binti nina kazi nyingi.

Wewe unamjua mdogo wako. Mtu huyu hajawahi kutoka nje ya mji huu kwa gari. Kazi yake ni kuuzunguka mzunguko wa sokoni na watu wanaotetemeka. Wazee wenu hawakuwa na gari. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliaga dunia bila kupanda gari la mwanawe hata siku moja, na siku mwanawe alipopata leseni yeye alijifungia jikoni akalia. Sote tulisema ni woga wa ajali.

Jumamosi ya wiki iliyopita tuliamua kujaribu ile njia ya mkato ya kwenda gatini, panapopandiwa kivuko, twende na kurudi, tujue kama gari letu linaviweza vilima. Niliona heri twende mchana kweupe, tukaone kwamba hakuna ng'ombe wala ndevu, yaishe. Binti alishika usukani. Mdogo wako akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

"Leo mbele nani atakanyaga breki?" nikamtania.

"Mimi nakaa dirishani," akasema.

Basi nikakaa mbele mimi. Tulienda vizuri hadi kwenye daraja la mto, tukiimba na redio. Tulipomaliza daraja redio ikaanza kukwaruza, binti akaizima, na katika kimya hicho nikamsikia mume wangu nyuma yangu. Sauti ilikuwa yake, nzito ile ile ya kuamrisha wanafunzi, lakini maneno yalikuwa ya mtoto.

"Sasa anakuja," alisema. "Anakuja, anakuja. Msimwogope, hang'ati."

Tukakata kona. Pembeni ya barabara palikuwa na tangi la maji la zamani, limeota kutu, limesimama juu ya miguu minne, na bomba moja linaning'inia mbele kama kichwa kinachokunywa. Wifi, alikuwa ng'ombe. Huwezi kuliona tangi lile ukaliita jina lingine.

Binti alipunguza mwendo. Nilimwambia kwa upole aendelee tu. Niligeuka nyuma. Mdogo wako alikuwa amekaa magoti pamoja, viganja juu ya magoti, kipaji cha uso kimegusa kioo, akitabasamu. Nimeishi naye miaka yote hii, na tabasamu lile lilikuwa geni kwangu.

Mbele kidogo akanyoosha kidole. Palikuwa na nyumba ya ghorofa moja, kuta nyeupe, safi kabisa. Uso ukambadilika. "Wameinyoa," akasema, na machozi yakamtoka.

Hapo nilimwambia binti asimame. Chini ya nyumba ile kuna duka. Niliingia nikanunua biskuti ambazo sikuzihitaji, nikamuuliza mwenye duka, mama mmoja wa makamo, kama nyumba ile imepakwa rangi karibuni.

"Rangi ya zamani hiyo," alisema. "Zamani zaidi ilikuwa imefunikwa na mmea wa kutambaa, kuanzia paa hadi chini, hata madirisha huyaoni. Baba mkwe aliung'oa kwa sababu ya nyoka. Mimi mwenyewe nimeolewa hapa nimekuta umeshang'olewa. Kwani wewe nani kakwambia?"

Nikalipia biskuti nikatoka.

Binti alitaka turudi nyumbani. Hata mimi nilitaka. Lakini tulipomuuliza baba yake, alisema kwa ile ile lugha ya kitoto, "Bado kufika," kwa namna ambayo mama yeyote angeshindwa kuikatalia. Tukaenda.

Gati lenyewe ni la kawaida tu. Kibanda cha tiketi, wachuuzi, magari yamepanga foleni, na mteremko wa zege unaoingia majini, kivuko kikiteremsha mlango wake juu yake. Binti akaegesha juu kabisa, mbali na mteremko, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Ndipo baba yake alipopandisha miguu juu ya kiti.

"Maji yanaingia kwenye viatu," alisema.

Nilishuka nikafungua mlango wa nyuma. Nilipapasa sakafu ya gari, nikamvua viatu, nikashika soksi zake. Zilikuwa kavu. Nalisema hili wazi usije ukadhani nakuza mambo. Kila kitu kilikuwa kikavu, jua linawaka, na yeye anatetemeka meno yanagongana.

"Mume wangu," nikamwambia, "tumefika wapi?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni mwenye huruma. "Nilibaki hapa," akasema.

Sijui niliupata wapi ujasiri. Nje ya kibanda cha tiketi alikaa mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki. Vijana wa pale waliniambia alikuwa mfunga kamba wa kivuko, alistaafu zamani ila nyumbani hakukaliki, kwa hiyo kila siku huja kuwakosoa. Nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka, "Mzee, kuna mtu aliwahi kubaki hapa?"

Hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza tu, "Wewe ni wa upande wa yule fundi redio?"

Wifi, marehemu baba mkwe alikuwa fundi redio, nikamwambia hivyo. Mzee aliniachia kiti chake, na yeye akasimulia akiwa amesimama.

Alisema zamani alikuja mtu mrefu, fundi redio, na gari la kuazima, amewaleta watu wake kutembea visiwani siku za likizo. Walipokuwa wakingoja zamu alimtengenezea mfunga kamba redio yake, pale pale juu ya boneti, akakataa malipo. Mkewe alikuwa mjamzito, tumbo la miezi ya mwisho. Walikuwa na binti mwenye miwani, jicho moja limezibwa kwa plasta, na kitoto cha kiume kilichokataa kutoka dirishani nyuma. Zamu yao ilipofika, gari lilizima juu ya mteremko, likarudi nyuma, breki ikakataa. Baba alitoka. Mama alitolewa na wavuvi, na binti alitolewa na yeye mwenyewe mzee, kwa kumvuta nywele.

"Mtoto alibaki," alisema. "Mkondo ulimpeleka upande wa pili. Tukamzika kule kule kisiwani, kwa sababu baba yake alisema hawezi kumpandisha kwenye chombo tena."

Wifi yangu, niligeuka. Mdogo wako alikuwa amesimama nyuma yangu peku, amesikia yote. Sauti yake ilikuwa imerudi ya mtu mzima.

"Na ule ujauzito?" akauliza.

Mzee alimpima kwa macho. "Angekuwa na umri wako," akasema.

Tulivuka kwa miguu, mimi na yeye na mzee, tukamwacha binti na gari. Mdogo wako alinishika mkono safari nzima, lakini hakutetemeka tena. Kaburi liko nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kivuko, dogo, limezungushiwa mawe. Kila mwaka kabla ya mvua wale watu huyapaka chokaa, na wengi wao hawajui ni la nani. Mdogo wako alichuchumaa, akang'oa majani mawili matatu yaliyoota kati ya mawe, akakaa pale hadi kivuko kilipopiga honi ya kurudi. Hakulia. Aliliaga kaburi kwa kulipigapiga taratibu, kama anavyopiga bega la mwanafunzi aliyefaulu.

Wakati wa kurudi alikaa mbele, akakanyaga breki yake isiyokuwepo njia nzima. Tulipopita kwenye lile tangi nilimtazama kwa pembe ya jicho. Hakusema neno. Usiku ule, na kila siku tangu hapo, binti amemtajia ng'ombe wa chuma naye anatukodolea macho. Anakumbuka gati, anakumbuka mzee na kaburi, lakini yale maneno hayamo tena. Ni kana kwamba aliyekuwa akiyasema ameshuka.

Sikuandikii kukushtaki, na yeye ameniomba nikwambie hivyo hivyo. Ulikuwa mtoto, ukatolewa majini kwa nywele, kisha ukakulia katika nyumba ambayo hakuna aliyefungua mdomo. Sisi tungefanya nini zaidi? Nimejiuliza mengi. Najua wewe ndiye uliyembeba mdogo wako mgongoni alipokuwa mchanga, mama akiwa hawezi. Labda ulikuwa ukimlaza kwa kumwimbia ile njia, na yeye akaikamata kabla hajajua kuongea. Ukiniambia hivyo, nitapata usingizi. Na ukiniambia hukuwahi kumtajia, pia niambie.

Safari iko pale pale. Shule zikifungwa tunaondoka, jijini, mashambani, visiwani, kama binti alivyopima, na kile kipande cha baada ya daraja mdogo wako anasema ataendesha mwenyewe. Kama magoti yataruhusu, njoo. Nafasi ipo. Chagua mwenyewe utakapokaa.

Wasalimie sana shemeji na wale mapacha wenu, waambie mke wa mjomba, yule mshonaji, anawakumbuka. Jirani wa mashine ya unga anakusalimu, na binamu yako fundi bomba anauliza lini utarudi umcheke tena. Mwenyezi akushike mkono kwenye kila ngazi, akupe siku za jua na moyo mwepesi.

Jambo moja la mwisho. Tulipokuwa tunaondoka kaburini, mzee alituambia kwamba fundi redio aliahidi kurudi na jiwe lililoandikwa, na hakurudi. Mdogo wako amejitolea kulipeleka yeye. Mzee akauliza tutaandika nini. Alisema mama wa mtoto aliliita sana jina lake siku ile, lakini kwa kilio kile hakuna aliyeweza kulishika.

Wifi, ukishindwa kuyaandika hayo mengine yote, usiyaandike. Tutumie jina lake tu.

Wifi yako anayekupenda, na mdogo wako anayengoja hapa pembeni ya cherehani.