Mama Milimita na Sufuria Iliyosahauliwa Nje

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha, na kipimamvua chako bado kimesimama uani. Kila saa tatu asubuhi tunakisoma, hata jua likiwaka. Ulitufunza kwamba sifuri nayo ni habari.

Majirani walikubandika jina la Mama Milimita, nawe ukaliitikia kwa madaha. Mmoja alikuuliza dukani, "Mama Milimita, kesho nianike nguo?" Ukamjibu, "Ya kesho waulize watu wa hali ya hewa. Mimi niulize mvua ya miaka mia, ile kubwa inayokuja kama mara moja tu katika karne."

Na kweli kazi yako ilikuwa hiyo. Katika kila mwaka ulichagua siku moja tu, ile ya mvua kubwa kuliko zote, ukailinganisha na joto la bahari la msimu ule. Ulitaka kujua: bahari ikizidi joto, mvua kubwa nazo huzidi kwa kiasi gani? Wajenzi wa barabara waliingoja hesabu yako wajue kalavati la kupitisha maji chini ya barabara liwe pana kiasi gani.

"Mvua ambayo hajaiona mtu, utaijuaje?" tulikuuliza.

"Kwa kuzidodosa zilizoonekana," ulisema, huku ukitia sukari kwenye chai uliyokwisha kuitia sukari.

Sasa sikia haya. Baada ya mazishi Baba alikonda, tukadhani ni majonzi tu. Mwezi uliopita akatuita sebuleni. "Kazi ya mama yenu niliiharibu mimi," alisema. Miaka minane iliyopita, bahari ilipopata joto kuliko mwaka wowote katika daftari lako, ilinyesha mvua ya kutisha. Asubuhi Baba alikuwa akifagia ua, akakikuta kipimamvua kimejaa, akakimwaga kwa kuogopa mbu. Ulipomuuliza, akasema labda kimevuja. Siri hiyo aliibeba muda wote huo.

"Mwaka aliouhitaji kuliko yote, nikaumwaga kwenye maua!"

Tukalitafuta daftari. Tarehe ileile, kwa mwandiko wako: "Mzee kamwaga, anadhani sijui. Jana aliosha sufuria akaisahau nje. Nimepima maji yake kwa rula: milimita 118. Si kipimo rasmi, ila mia imevuka bila shaka. Kwenye hesabu naandika: zaidi ya mia. Nisimwambie, ataacha kufagia."

Baba alisoma mara tatu. "Kumbe ndiyo maana siku ile hakunigombeza kwa sufuria!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, nasi tukalia naye. Tangu siku hiyo anakula vizuri.

Swali lako bado halijapata jibu kamili. Ulikuwa ukisema miaka thelathini na mmoja ni michache mno kwa swali kubwa kama hilo, na sisi tumeongeza mmoja. Wiki hii tumesikia bahari inapata joto tena. Tunatamani sana tungekuuliza unatarajia nini.

Baba husoma kipimamvua mwenyewe, miwani puani, na hamwagi tone kabla ya kuandika. Mawingu yakitanda, huitoa sufuria ile jikoni akaiweka nje, safari hii kwa makusudi.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, dada yako uliyezoea kubishana naye kuhusu mawingu, wakwe zako, na wajukuu wanaojua kusoma milimita kabla ya saa. Kila saa tatu asubuhi, inyeshe isinyeshe, tuko nawe uani.