Vidonge vya Deo Havikuwa Chaki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, ila moyo haujatulia tangu nipate habari za msiba. Magoti yako yanakubali kupanda kilima? Mdogo wangu Skola anakula tangu amzike mwanawe?

Barua yako niliisoma nimesimama. Umesema mwanao Deo asikanyage tena hapo nyumbani, kwani "mjomba gani humpa mtoto wa dada yake chaki?" Nililia, Mama. Nilimlilia Anjela wetu, nikamlilia na Deo.

Yeye naye aliniandikia. Tangu apunguzwe kiwandani akafungua lile duka la dawa Dumila, hajawahi kuniomba kitu. Safari hii alitia vidonge kwenye bahasha, vya boksi lile lile alilomtolea Anjela alipougua malaria. Akasema, "Dada, wewe una mitambo. Vipime. Kama niliuza dawa bandia, nitamwambia Mama kwa mdomo wangu."

Nilivipima. Dawa ilikuwemo, Mama, kamili kama inavyotakiwa.

Sasa kilichotushinda ni nini? Hiyo ndiyo kazi yangu huku, na sijawahi kukueleza vizuri. Ndani ya kimelea cha malaria mna protini ambayo bila hiyo hakiwezi kuzaana. Protini hiyo ina kishimo kidogo. Dawa ikiingia humo ikashika, kimelea hufa. Lakini siku hizi viko vimelea ambavyo kishimo chao kimebadilika umbo, kidogo tu. Nililichora umbo hilo kwenye kompyuta, nikaipachika humo dawa ile ile ya vidonge vya Deo. Haikukaa. Profesa wangu akasema, "Kompyuta inaweza kukudanganya. Thibitisha kwenye chupa." Nikaitengeneza protini yenyewe hapa maabara, nikaitilia dawa ile. Ikaendelea na kazi yake kama vile hakuna aliyeigusa.

Wenzangu walinipongeza, maana majibu ya kompyuta na ya chupa yalikubaliana. Mimi nilitoka nikakaa kwenye ngazi na baridi yote ile, nikawa namwona Anjela.

Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake, kwa sababu damu yake sikuipima. Ninachokijua ni kwamba mjomba wake alimpa dawa ya kweli.

Mwite Deo, Mama. Usimngoje aje kuomba radhi, hana kosa la kuliombea radhi. Na homa ikimshika mtoto yeyote hapo, hata kama amekwisha kumeza vidonge, asipopata nafuu mteremsheni hospitali Morogoro upesi. Waambie na majirani.

Nisalimie Baba Mdogo Pius anayekusaidia kwenye kabichi, na katekista aliyewaongoza makaburini. Skola msomee barua hii atakapokuwa tayari kuisikia. Kwa leo mwambie tu kwamba nalia naye.

Ni mimi mwanao, ambaye sikuwepo kumzika Anjela,

Yustina