Nimebadilisha Alama Yako Kwenye Mzigo

Mpendwa kaka,

Leo nimeliondoa jina lako kwenye mzigo. Nimeona heri ulisikie kwangu.

Tangu tukuzike huku ugenini, tukiwa safu moja na nusu tu ya swala, watu wa mtaa wa Xiaobei, maboksi yako yalibaki ghalani: mikoba ya soko la Shiling uliyomchagulia mkeo auze dukani Kariakoo, na madaftari ya mtaa wa Yide Lu. Kila boksi lina alama yako, ALI/DSM, uliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyeusi nene, ile A yako yenye miguu mirefu.

Juzi wakala wa mizigo alinipigia. "Bwana mdogo, pole tena. Lakini marehemu hatoi mzigo bandarini. Badilisheni alama, kontena linafungwa Alhamisi." Laoban, mwenye ghala, yule mama aliyekuwa akikuita Ali Mrefu, alitikisa kichwa tu. "Mei banfa." Hakuna namna.

Nikampigia shemeji Rukia. "Wateja wanaijua alama ile," akasema. "Na mimi naijua. Mkiifuta, mmemzika mara ya pili." Lakini mzigo ule usipofika duka linafungwa, na wanao wanakula kwenye duka lile. Yeye analijua hilo kuliko mimi.

Basi asubuhi hii nilifungua kompyuta yako pale ofisini, jengo la Tianxiu. Unakumbuka siku mzigo ulipogeuzwa kwenda Unguja, ukanikuta narekebisha lebo moja moja? "Wewe bwana, unalima shamba kwa kijiko?" Ukanionyesha programu uliyoiandika: unaipa maneno ya kutafuta, unaipa ya kuweka badala yake, nayo inapita orodha nzima. Nikaandika ALI. Ukanidaka mkono.

"Utamchinja Salima!"

"Salima gani?"

"Mteja wetu! Mashine haimjui mtu, inajua herufi. Ukiiambia itafute ALI, itamtoa hata aliye tumboni mwa SALIMA na KHALID. Ipe alama nzima, na mkwaju wake, huo mstari ulioinama hapo katikati."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Leo niliipa alama nzima. Mahali pa badala yake nikaandika yangu, OMARI/DSM. Kidole kilikaa juu ya kitufe. Nilitegemea itaniuliza kama nina hakika, lakini hukuiandika iulize. Nilipobonyeza, haikuchukua hata pumzi moja. Nikakagua: Salima yupo, Khalid yupo. Nikatafuta ALI/DSM. Hakuna.

Nimeandika shajara tangu kidato cha kwanza, na kila jioni napata la kuandika. Leo nimeweka tarehe tu.

Nilichapa lebo nikaenda ghalani, maana programu yako haifiki kwenye boksi. Mwandiko wako nimeufunika kwa lebo mpya, kwa mkono wangu, boksi kwa boksi. Laoban alikuja nyuma yangu akilainisha kila karatasi kwa kiganja. Hakutania. Nilikuwa na hasira, kaka, sijui na nani. Na wewe kidogo. Homa ile iliyokuchukua ulisema ni uchovu, ukaniambia nisikusumbue na hospitali, nami nikakutii kwa sababu wewe ni mkubwa.

Nikamtumia shemeji picha. Akapiga papo hapo.

"Omari, hiyo gundi yenu ni kali?"

"Siyo sana. Ukipitisha kitambaa chenye maji, karatasi inabanduka."

"Na chini yake?"

"Chini yake sijagusa."

Nilimsikia akishusha pumzi, na mtoto akiuliza kitu pembeni yake.

"Basi pakieni," akasema.

Kontena limeondoka jioni. Mola akupanulie nafasi hapo ulipolala. Mimi nipo, jina langu juu ya lako.

Mdogo wako