Makofi Yako Kwenye P

Abti Yusuf,

Amani ikufikie huko ulikolala. Mjomba na mpwa kwetu wote ni abti, kwa hiyo najibu salamu yako pia. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijaacha shule nikafuata ngamia.

Dada yako Habiba ameolewa. Mashine yako ya ngoma haikuuzwa. Karibu iuzwe. Homa ilipokuchukua, mama yako aliifunika kitambaa, akasema, "Ndugu yangu, kama hakuna wa kuipiga arusini, watu wa bendi ya Nairobi waje waichukue." Nikamwambia wa kuipiga yupo, amesimama mbele yake. Si unanijua.

Lakini abti, mle ndani kuna makofi yako, yale uliyoyarekodi uani ukapiga viganja mpaka mbuzi wakavunja ua. Yamekaa kwenye kitufe cha mpira cha pembeni. Tungewauziaje watu viganja vyako?

Kuyaliza ni rahisi, hata kuku akidonoa kitufe yatalia. Shida ni slaida, kile kishikio cha kuteleza juu na chini. Kina mama wakianza buraambur, nyimbo zao za arusi, pole pole, wanataka makofi mazito. Wakichemka wanataka makali. Wewe ulikuwa unayabadilisha kwa kidole kimoja. Nikakumbuka ulivyosema: "Abti, shikilia kitufe cha makofi, nenda kwenye bi, slaida itakutii."

Nikaenda kwenye herufi B ya mashine. Nikasukuma slaida. Makofi yakakatika kama kikohozi cha mzee. Nikarudia, kikohozi tena. Majirani wakauliza, nikawaambia huo ndio mtindo mpya wa Mogadishu.

Siku moja kabla ya arusi nilikuwa sokoni. Mama mmoja, karai kichwani, anaita, "Babai! Babai tamu!" Anauza mapapai. Nikasimama katikati ya barabara, lori la Liboi likanipigia honi mpaka honi ikakauka. Walahi, nilicheka peke yangu. Sisi Wasomali na P wapi na wapi, si kinywani mwetu hutoka B? Bi yako ilikuwa P!

Nikakimbia nyumbani, punda wakanipisha. Shikilia kitufe, nenda P, sukuma. Sauti ya viganja vyako ikapanda ikawa kali, ikashuka ikawa nzito.

Arusini nikawaanzishia mazito. Walipochemka nikapandisha, na nasikia ngamia wa Bute, mbali huko, waliinua masikio, sikwenda kuwauliza. Mama yako alikuwa anaimba. Akaukata ubeti katikati. Akasikiliza. Kisha akaanza kupiga makofi, yeye na wewe, kofi kwa kofi, na mimi... nikaondoa kidole kwenye slaida mpaka alipomaliza.

Asubuhi akaniambia, "Haiuzwi. Lakini wewe unapiga kama mtu anayefukuza fisi."

Bas, abti. Mungu akupanulie kaburi. Mimi nakuahidi kitufe chako hakifutwi. Wanaotaka sauti mpya watafute vitufe vingine, viko tele. Na mama yako akiwa katika ngoma, nitapiga pole pole, aweze kukufuata.

Abti yako,
fundi mkuu wa ngoma, Garissa mpaka Kutulo