Kijani cha Sibin

Jumatatu, 9 Juni
Mvua. Ofisi nzima inanuka soksi. Sibin anazunguka meza hadi meza akijisifu: majaribio yake ya programu yote yamepita, skrini yote kijani. Kijani! Hata mavi ya ng'ombe ni kijani.

Ijumaa pampu ya dawa inaonyeshwa hospitalini. Mrija ukiziba, programu yetu ipige king'ora na iandike onyo kwenye logi, daftari lake la matukio. Jaribio la Sibin ndilo linalohakikisha onyo limeandikwa.

Jumanne, 10 Juni
Nimelisoma hilo jaribio. Mungu wangu! Linatafuta neno "hitilafu" tu, popote kwenye logi. Na kila pampu inapowashwa, programu huandika: "Hakuna hitilafu." Basi neno limo — jaribio limepita! Mrija uzibe, mgonjwa afe, kijani. Na huyu ndiye aliyepandishwa cheo baada ya sikukuu ya Vishu.

Nimemweleza. Kacheka.

"Dada Anupa, neno si limo? Unataka nini tena, shairi?"

Jumatano, 11 Juni
Nimelibadilisha. Sasa linadai onyo lote: "Mrija umeziba." Nyekundu. Nimerudia — nyekundu. Onyo haliandikwi kabisa! Programu haioni kitu.

Bosi Renjith kaja, kitafunwa cha vada mdomoni. Eti nawatia watu hofu. Nirudishe jaribio la zamani, mengine tutarekebisha baada ya sikukuu ya Onam. Naam, wagonjwa wasubiri tumalize kupanga maua! Nimekataa. Kalirudisha mwenyewe, Sibin akimwonyesha pa kubonyeza. Bosi wa programu huyo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwandikia Daktari Mariamma wa hospitali: kesho, waambie wabane mrija. Nimeweka jina langu. Kazi ikienda, iende.

Ijumaa, 13 Juni
Naandika kwenye simu, kiti cha nyuma, ukumbi wa hospitali. Renjith kavaa tai kama bwana harusi. Anasema programu imehakikiwa yote. Sibin anayumbisha kichwa kukubali, kama mwanasesere.

Daktari Mariamma kasimama. "Baneni mrija tuone."

Renjith kacheka kidogo. Eti matokeo yapo kwenye ripoti.

"Ripoti nimeisoma, mwanangu. Bana."

Sibin kabana. Kimya. Muuguzi katega sikio. Kimya bado. Pampu inaendelea kusukuma, mrija umevimba kama mshipa wa shingo.

Daktari anauliza: nani kwenu alilijua hili? Sibin anachunguza viatu vyake. Renjith ameshaniona. Anatikisa kichwa polepole — nikae, nikae.

Nasimama. Daktari anasema, "Njoo hapa mbele, binti," na Renjith, aliyekwisha kunifuata huku nyuma, kashika kiti changu kunizuia. Nampita, naenda mbele.