Mkeka wa Mashoto

Zena anakuja! Mwanangu Zena anakuja Chula! Barua nimeisoma mara nne, na kila nikifika mwisho bado anakuja.

Haya, sasa salamu, daftari langu. Hujambo? Leo Jumatatu. Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri, mchanga umeingia mpaka ndani ya mtungi, nimefunga dirisha la upande wa bahari. Nyumba kimya. Nimekuambia wewe kabla hata ya kukusalimu kwa sababu nimeapa nisimwambie mtu mwingine, na wewe huna mdomo.

Atakayelifungua daftari hili nikishakwenda zangu, ajue Zena ni nani. Ni binti yangu wa pekee. Anafundisha kazi za mikono kwenye skuli ya wasichana Kismayu, wa kwanza kutoka kisiwani kwetu Chula. Sijisifu, nasema lililo kweli: Zena akidarizi kitambaa hujui uso ni upi na mgongo ni upi. Kitaliana kinamtoka kama maji. Mimi chuo cha Kurani nilihitimu, skuli nilikaa miaka miwili tu, lakini mkono ule ameutoa kwangu. Hilo hakuna mwalimu wa Kitaliana anayeweza kulidai.

Idd mbili zimepita hajakanyaga hapa.

Majirani nimewaambia skuli haimpi ruhusa. Nimewaambia hivyo mara nyingi hata nikaanza kuamini mwenyewe. Si kweli. Leo naandika kweli.

Mara ya mwisho alipokuja alileta kitambaa alichokidarizi mwaka mzima. Kisiwa chetu chote kilikuwa mle kwa uzi: msikiti, kisima, mlango wetu na ufa wake. Alinionyesha mimi peke yangu, chumbani, akaniambia bado hajakimaliza. Kesho yake akaja Mtaliana mmoja wa serikali kuhesabu nyumba, na mimi, badala ya kumpa maji ya dafu nikanyamaza, nilimwita Zena mbele ya wanawake wote wa mtaa. "Sema Kitaliana, mwanangu, wakusikie!" Akasema maneno mawili, ametazama chini. Ulimi wangu haukutosheka. Nikakitoa kile kitambaa nikampa mgeni zawadi, ili ajue ni binti wa nani.

Zena hakulia. Aliniuliza jioni ile, "Mama, kilikuwa chako?" Kisha akasema, "Hukunionyesha mimi. Ulijionyesha wewe."

Akaondoka na mashua ya kwanza.

Tangu siku ile napika kwa kile chungu kikubwa, kwa sababu mkono haujui kipimo kingine, na chakula cha siku moja nakula siku mbili.

Ndiyo maana nilianzisha kambi. Watu walicheka, kambi ni ya askari. Lakini Zena mwenyewe aliwahi kunisimulia kwamba watoto wa Kitaliana, skuli zikifungwa wakati wa joto, hupelekwa kambini karibu na bahari, wanachora, wanafinyanga, wanaimba. Nikasema, sisi bahari tunayo mwaka mzima, kilichobaki ni mwalimu, na mwalimu niko. Nikatangaza: likizo hii wasichana waje kwangu wajifunze kusuka majani ya miyaa na kuyatia rangi, wasije wakaolewa hawajui kusuka hata kipepeo cha kupepea moto. Wamekuja kumi na wanne. Mmoja ametoka Kismayu kumtembelea nyanyake, ananiita edo, yaani shangazi kwa Kisomali. Watatu ni ndugu wa Chovae, kisiwa jirani, wanalala kwangu.

Kwa watu nilisema ni kwa ajili ya watoto. Kwako nasema: nilidhani Zena akisikia mamake ana kambi, atakuja aone.

Nilimwandikia barua tatu. Kurasa kwa kurasa! Jinsi watoto wanavyonipenda, jinsi mwalimu wa chuo alivyonisifu, jinsi rangi yangu nyekundu isivyopauka. Hakujibu hata moja.

Basi nikapanga kitu kikubwa. Kila mtoto asuke ukili wake, utepe mrefu wa miyaa nyekundu na nyeusi, kisha tuziunge kili zote kumi na nne ziwe mkeka mmoja mpana, siku ya kufunga kambi watu waje waukalie. Mkeka, kila mtu hapa anajua, ni wa mkono mmoja. Lakini mimi nilitaka kitu ambacho hakijaonekana.

Nikakipata.

Wiki mbili zilizopita tulizitandaza kili uani, ubavu kwa ubavu. Mistari ya hizi imeinamia kulia, ya zile imeinamia kushoto. Jirani yangu Bi Rehema alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, akacheka mpaka akaitua.

"Mwanaesha! Huu ni mkeka au ni baraza ya wachu waliogombana? Huyu aelekea Kibla, huyu aelekea Chovae!"

Nikaona pale pale kosa ni la nani. Mimi ni mashoto. Chuoni nilichapwa mpaka nikaandika na kula kwa mkono wa kulia, lakini wa kusuka ulikataa. Watoto walioketi mbele yangu waliniiga kama mtu anavyoiga kioo, wakasuka kama dunia yote inavyosuka. Walioketi ubavuni waliniiga mkono kwa mkono. Mwezi mzima nimefundisha mikono miwili wala sikujua, kwa sababu nilikuwa nazungumza. Unanijua.

"Toa hizi za mashoto," akasema Bi Rehema. "Shona zilizobaki."

Zilikuwa tano. Tatu za wale wa Chovae. Mdogo wao, Mwanahawa, alikuwa ameshaficha wake nyuma ya mgongo.

"Bibi," akaniambia, "mimi nilifanya kama wewe."

Nikazikusanya kili zote, wake nikauweka juu.

Baada ya kula, watoto wakilala, nilimwandikia Zena mistari minne. Sikutia sifa. Niliandika: Mwanangu, nimewafundisha watoto vibaya. Wengine wamesuka kwa mkono wa watu, wengine kwa mkono wangu. Kili haziungani. Sijui nifanyeje. Nikampa nahodha wa mashua ya Kismayu kabla sijajuta.

Kisha tukaendelea na vipepeo na makawa ya kufunikia chakula, na zile kili nikazikunja nikaziweka juu ya kabati. Sikufumua, sikushona.

Leo asubuhi mashua imerudi. Imeleta barua, na baba wa wale watatu wa Chovae naye akaja kuwachukua, wakawaone wazee wao mpaka siku ya kufunga. Mwanahawa aligeuka mara mbili kunipungia. Nilikuwa na barua ndani ya leso, sijaifungua, na nyumba ikawa tupu ghafla kama kinywa kilichong'olewa meno.

Barua ni fupi kuliko yangu. Inasema:

"Mama, usifumue hata mmoja. Mimi pia nilijifunza ubavuni mwako, na mpaka leo wanafunzi wangu wananicheka mkono. Nakuja Ijumaa na sindano. Tutaziunga pamoja."

Basi. Hakutaja kitambaa. Hakusema amenisamehe, wala sitajitia kusoma ambalo halikuandikwa. Lakini barua tatu za sifa hazikumleta, na mistari minne ya kosa imemleta.



Nikaapa, kwa hiyo. Safari hii sitamtangaza. Aingie nyumbani kwao kama mtu anavyoingia nyumbani kwao, bila kusimamishwa uani.

Lo, lakini ni kazi! Furaha isiyo na wa kuambiwa ni nzito kuliko msiba. Msiba angalau watu huja. Adhuhuri haijafika Bi Rehema yuko mlangoni. Macho yake yako kwenye leso yangu.

"Abaye, dada yangu, nasikia una barua."

"Ndiyo."

"Yatoka wapi?"

"Mjini."

"Mjini kuna wachu wengi."

"Wako wengi, dada."

Akanitazama. Miaka ishirini tumekaa ukuta kwa ukuta, hajawahi kunisikia nikijibu kwa neno moja. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, eti, "Una homa wewe?" Wallahi niliubana ulimi kwa meno. Nikamwambia ni mchanga wa kusi umenikausha koo. Akaenda akarudi na bakuli la uji wa pilipili manga, akanisimamia mpaka nikaumaliza. Nikajisikia mwizi. Nikakaribia kusema. Sikusema.

Alipoondoka nikaitoa barua, nikazungumza nayo peke yangu kama mwehu. Kisha nikafagia chumba cha Zena, nikagundua nakifagia kila siku. Nikatoa pakiti ya tambi za Kitaliana alizoniletea mwaka ule. Nimeziweka hivyo hivyo. Anazipenda kwa tui na sukari, jambo ambalo Mtaliana akiliona atalia.

Je, nitaweza kweli? Siku nne! Mimi ambaye paka wangu akizaa, Chovae wanajua kabla ya machweo. Na siku yenyewe, akishuka mashuani, wanawake watanigeukia wasikie nitasema nini. Najua maneno yatakavyopanda. Yanapanda hata sasa.

Nitasema, "Karibu mwanangu, kaa hapa." Nafasi iko ubavuni mwangu. Kisha nitainamisha kichwa nishone, na atakayetaka kujua binti yangu ni hodari kiasi gani, ana macho, amtazame mikono.

Siku hiyo hiyo tunafunga kambi, na wamealikwa wote: watoto kumi na wanne na mama zao, wale wa Chovae na mashua yao, mwalimu wa chuo akishamaliza msikitini, na Bi Rehema, ambaye anasema atakuja hata mkeka ukiwa na pembe. Wanajua wanakuja kuona mkeka.

Ijumaa, baada ya sala ya Jumaa.