Waliozitazama Picha Zako

Mpepai,
Mbinga, Ruvuma.
13 Agosti 2024

Mpendwa mjukuu wangu Hedwiga,

Mimi babu yako sioni. Si kwamba naona kwa shida, kama nilivyokuwa nikikwambia. Sioni. Nimelitanguliza hili kabla ya salamu kwa sababu mara zote nilipoanza na salamu niliishia kwenye salamu, nikafunga mdomo.

Sasa tusalimiane. Shikamoo yako najua imeshatangulia, kwa hiyo nakujibu marahaba. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia? Huko Kampala unakula ukashiba, au bado unakunywa chai ukaiita chakula? Sisi huku tupo. Baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka, kahawa imeiva vizuri, na bibi yako anagombana na kuku wake kama kawaida. Mimi ndiyo hivyo tena. Miguu inajaa maji, na moyo unachoka hata nikiwa nimelala. Daktari wa Mbinga siku hizi anazungumza na mjomba wako Tobias badala ya kuzungumza nami. Nilikuwa mwalimu, naelewa maana yake mtu anapoitiwa mzazi.

Ninaandika kwa kuweka kipande cha kadibodi chini ya mstari na kukishusha kidogo kidogo. Mkono unakumbuka herufi. Mistari ikipandana nisamehe, soma polepole. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu ya Tobias kama siku zote, lakini sauti hapa nyumbani ni ya kila mtu, na haya nataka yakufikie wewe kwanza.

Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, ikaja katikati taratibu, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba anayotaka kuihama. Ulipokuja kuniaga nilikuwa bado naiona sura yako nikikukazia macho. Picha yako ya kwanza ilipofika, nilichokiona ni mwanga wa kioo cha simu tu. Leo hata huo sina hakika nao.

Kwa hiyo picha zako zote, tangu ile ya mtungi na vitunguu, sijaiona hata moja.

Utaniuliza yale maneno niliyokuwa nikikutumia yalitoka wapi. Siku ile ya mtungi nilikusudia kusema ukweli. Lakini sauti yako ilisema, “Babu, wewe ndiye uliyenifundisha kushika penseli, niambie bila kunionea huruma.” Nikaona haya. Tulikuwa uani, watu wamezunguka vichanja vya kahawa wanatoa mbovu, nami nikamwambia Tobias anieleze anachokiona.

“Mzee, kuna mtungi.”

“Umekaaje?”

“Umekaa kama mtungi.”

“Mwanga unatoka upande gani?”

“Mwanga gani tena, Mzee? Si mchana huu!”

Bibi yako akamnyang'anya simu. Akasema vitunguu hivi amevichora mtu mwenye njaa, huyu mtoto apelekewe unga. Bi Hasna wa dukani alikuwa amekuja kudai vyombo vyake. Akachungulia, akasema, “Mwalimu, mtungi wenu unaelea.” Bibi yako akasema hauelei, meza ndiyo imeinama. Tobias akasema meza iko sawa, mtungi ndio umelewa. Wakabishana mpaka kahawa wakaisahau. Mimi nikawa nasikiliza tu, nikatambua kwamba wote wanabishana juu ya mahali pamoja. Nikakutumia sauti: tazama upya kivuli kilicho chini ya mtungi. Ukanijibu kwa furaha, “Babu, umeona!”

Sikuona. Niliwasikia.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Picha ikiingia, Tobias anaita watu, simu inazunguka, nami nauliza maswali. Sikukupa kila kilichosemwa. Bibi yako anataka kila mtu unayemchora avae viatu. Bi Hasna anataka rangi zijae kama kanga za dukani kwake, na hilo nilimwachia mwenyewe. Tobias alisema mbuzi wako ana miguu ya meza. Hilo nilikupa, kwa sababu wote walicheka kwa pamoja.

Kisha ikaja ile ya Lituhi, ya mwanamke anayeanika usipa, dagaa wa ziwani, ufukweni. Kwa mara ya kwanza uani hakuna aliyebisha, wakasema ni nzuri. Nikawaambia nzuri hainisaidii, semeni. Bibi yako akasema kitenge hicho ni safi mno, mwenye kuanika usipa hafanani hivyo. Bi Hasna akasema, “Huyu kama anasubiri mteja.” Tobias akasema vidole vyake havijashika kitu, ingawa kitu kipo mkononi. Walikuwa wamekwama kwa mwanamke yule, wote, na kila mmoja anataja kosa jingine. Jioni nikakutumia neno moja tu: mwanamke huyu anajua kwamba anatazamwa.

Unajua mwenyewe neno lile lilifanya nini. Ulininyamazia mpaka nikadhani umekasirika. Kumbe ulikuwa unaichora upya, naye mwalimu wako akaitundika ukumbini. Uliniambia umeliandika neno hilo ukutani juu ya kitanda chako, na kwamba limekufundisha kuliko vikao vyote vya chuo. Nami nikapokea sifa hiyo, nikakaa nayo kama mtu aliyeazima koti likampendeza.

Nimepumzika kidogo. Kalamu ilikwisha wino nami sikujua. Bibi yako amepita akaniambia nimeandika karatasi nyeupe. Amenipa kalamu nyingine na kuondoka bila kusoma, maana yeye hasomi barua ya mtu. Naandika tena yaliyopotea, na huenda mengine nimeyaacha.

Kuhusu mama yako sijawahi kukuandikia, kwa sababu wewe uliniomba nisimtaje. Restituta huja kila Jumapili kutoka Namswea baada ya misa. Hukaa kwenye kichanja cha mwisho, anachambua kahawa, haongei sana. Amekonda. Najua mlivyoachana. Yeye alikuwa amekuombea nafasi ya uuguzi, wewe ukachagua rangi, akakutamkia mlangoni kwamba picha zako hatazitazama mpaka anakufa. Ni binti yangu na ninamjua, alishatamka na hakuwa na njia ya kurudi. Wewe nawe umerithi shingo ileile. Hampigiani simu, na mimi katikati nimechoka.

Sasa nije kwenye ujumbe wako wa mwisho. Ulifika tukiwa tunakula mchana wa Jumapili, na Tobias, bila kufikiri, akaufungulia wote wausikie. Ulikuwa unalia. Ulisema mlikaa duara, picha yako ukutani, wenzako wakaichanachana. Mmoja akasema imekufa, ukamjibu. Mwingine akasema rangi zimechoka, ukamjibu. Mwalimu akakuambia unyamaze usikilize, ukabeba mkoba ukatoka. Ukasema muhula ukiisha hutarudi tena chuoni. “Babu, nimechoka na macho ya watu wengi. Jicho lako peke yake linanitosha.”

Hakuna aliyeendelea kula. Bi Hasna akamwambia Tobias azime simu. Mama yako akaweka sahani chini, akatoka. Nilisikia mlango.

Ndipo nilipoelewa nimekufanyia nini. Unawaacha watu wengi kwa ajili ya jicho moja ambalo halipo. Na mwenye jicho hilo naye hatamaliza mavuno haya, sikufichi. Nikifa bila kukuambia, utakuwa umeacha chuo kwa ajili ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Kwa nini nilificha? Niliogopa ungekuja kuniuguza ukaacha masomo. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa wa hapa nyumbani, nao wakakubali kunyamaza. Nyingine ni kwamba nilipenda kuitwa jicho lako. Mtu akishakuwa wa kuongozwa kwenda chooni, huwa anahitaji kitu cha kujivunia.

Unaikumbuka sengu? Ulikuwa mdogo, lakini uliikuta. Marehemu baba yangu alikuwa akiwakusanya wanaume wa ukoo kula pamoja, na katika kula huko jambo la mtu linatajwa, kila mmoja anasema lake. Mimi nilipopewa nafasi yake niliwaita na wanawake na watoto, wazee wakaninung'unikia. Kanuni nyingine zote tuliziacha kama zilivyo. Yule ambaye jambo lake linasemwa anaendelea kula. Hajibu mpaka wa mwisho aseme. Siku moja jambo lilikuwa lako, ng'ombe wa jirani walikuwa wameingia kwenye mahindi wewe ukichora chini kwa kijiti. Ukaanza kujitetea na tonge mdomoni. Bibi yako akakuambia, “Meza kwanza.” Watu walicheka mpaka ukalia. Lakini ulimeza, ukanyamaza, na zamu yako ilipofika ulisema maneno machache ya maana, ukasamehewa.

Hicho ndicho ninachokuomba katika duara lenu. Meza kwanza. Ukijibu kila neno unakuwa unailinda picha, na anayelinda hatazami. Wengine watasema upuuzi, hilo lipo. Yule aliyesema imekufa huenda ana wivu, au ana njaa, au hakulala. Usichukue dawa anayokupa. Tazama mahali anapoweka kidole. Watatu wakiweka vidole mahali pamoja, kaa hapo, hata kama kila mmoja ameutaja ugonjwa wake. Mimi sina ufundi mwingine zaidi ya huo. Kwa miaka hii yote uliyoniita mwalimu wako wa picha, nilichokifanya ni kukaa kimya kwenye kiti mpaka wa mwisho aseme.

Na uchoke, lakini uchoke ukiwa ndani ya duara. Mimi nimechoka hivi na bado nasikiliza.

Wakikuita kunizika, njoo uweke udongo, ulale matanga na bibi yako, kisha urudi chuoni. Usikae hapa kuniangalia kaburi. Picha zako zitaendelea kupokewa kwenye simu ya Tobias. Watu wa uani hawafi wote kwa pamoja.

Wanakusalimu. Bibi yako Bonifasia anauliza lini utawavisha watu viatu. Mjomba Tobias anasema mbuzi wa safari hii anaweza kuuzwa mnadani. Bi Hasna amekuwekea kitenge, na anasema ukichafue kwanza ndipo ukichore. Nawe unisalimie wenzako wa duara, na yule aliyesema imekufa pia.

Mungu aihifadhi mikono yako, akupe riziki na usingizi, na asikunyime kamwe watu wa kukuambia yaliyo kweli.

Imebaki salamu moja, na hii mwenyewe hakunituma. Nimekuambia walichosema Bibi, Bi Hasna na Tobias juu ya yule mwanamke wa usipa. Sikukuambia nani alisema neno lililo juu ya kitanda chako, nawe najua umeshafikiri ni mimi niliyeyakusanya yao nikalipata. Sikulipata mimi. Wote walipomaliza, mtu aliinuka kwenye kichanja cha mwisho, akaichukua simu mkononi mwa Tobias, akaenda nayo kivulini kwenye ukuta wa jiko. Alikaa nayo huko mpaka nikadhani ameondoka. Aliporudi alisema polepole, “Huyu anajua kwamba anatazamwa. Ukiwa na kazi mikononi husimami hivyo.” Kisha akaniinamia sikioni akasema, “Baba, mpe, lakini usinitaje. Akijua ni mimi hatalisikia.” Na kila picha iliyofuata ameitazama kivulini palepale, Jumapili zote. Nilimwahidi nisingesema. Naivunja ahadi hiyo nikiwa na akili zangu, yeye atanisamehe au hatanisamehe, sina muda wa kungoja.

Ni mama yako.

Nikupendaye hata nisipokuona,
Babu yako,
Mwalimu Cuthbert